Habiba wa ng'ambo ya Nuu, aliyenifundisha kuanza maisha Ujerumani

Wakuu, salamu kwenu. Na wadada pia, najua mko wengi humu mnasoma kimya kimya bila kuandika.

Juzi kuna kijana aliuliza kwenye uzi mwingine: mtu akifika Ujerumani kuomba asylum, aanzie wapi? Wengine walimfanyia utani, wengine wakamtukana. Nilianza kumjibu, nikaona jibu langu haliwezi kutoka bila kumtaja mtu mmoja. Ndio nikafungua uzi wangu.

Nitaandika nilichoona na macho yangu. Pale nimesahau, nitasema nimesahau.

Mimi ni mama mtu mzima sasa. Nimezaliwa Nuu, Kitui, ule upande wa Mwingi. Wenye wanapajua wanajua: mbuzi, mawele, na mvua ya kuahidiwa tu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuwa na njaa mbaya. Mahindi ya relief yalikuwa yanaletwa, lakini mengine yalikuwa yanaishia kwa maduka. Kila mtu alijua. Siku moja kwa baraza nikasimama nikasema. Sikuwa nimepanga. Niliona mama mmoja mzee ameambiwa arudi wiki ijayo, mdomo ukafunguka wenyewe.

Nilishikwa. Yale yalinipata kwa cell sitaandika hapa. Nikaachiliwa, nikashikwa tena.

Sasa, kanisa letu lilikuwa na choir, na choir ilikuwa imealikwa na washirika wa kanisa moja Ujerumani. Jina langu lilikuwa ndani kutoka mwanzo, mimi ni alto. Tulipokuwa tunapanga nguo za safari, mke wa pastor alinivuta kando ya vestry akaniambia kwa sauti ya chini, "Wenzako wakirudi, wewe usirudi. Askari wameuliza tena kwako."

Choir iliporudi nyumbani, mimi nilibaki. Waliniaga kwa uwanja wa ndege wakijifanya wanaimba tu.

Wakuu, huo upweke sijui niuelezeje.

Mzee mmoja wa lile kanisa la Wajerumani alinipeleka mpaka ofisi ya kuandikishwa. Hapo ndio nilijifunza jambo la kwanza, na kijana aliyeuliza alishike: usikae kwa marafiki ukingoja mambo yatulie. Nenda mwenyewe, useme waziwazi unaomba hifadhi, upewe ile karatasi ya muda yenye picha. Bila hiyo karatasi wewe ni mtu amepotea tu. Sheria zimebadilika sana tangu wakati huo, kwa hivyo uliza upya, lakini hilo halijabadilika.

Nikazungushwa kambi mbili hivi, mwisho nikatupwa Dortmund, kwa nyumba ya wakimbizi. Wao huiita Heim. Jengo refu, korido inanuka vitunguu na sabuni, kila chumba vitanda viwili na kabati la chuma.

Niliingia na begi langu. Kwa kitanda cha dirishani alikuwa amekaa mama wa Kisomali, mrefu, mwembamba, umri kama wa dada yangu mkubwa. Nikamsalimia kwa Kiingereza. Akaniangalia, akaangalia kiondo changu, kile kikapu cha kusuka cha Kikamba, akasema, "Uvoo waku?"

Wakuu. Dortmund. Msomali ananiuliza habari yangu kwa Kikamba!

Nililia hapo hapo mlangoni. Akacheka, akanishika mkono akanikalisha. Aliitwa Habiba. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na yeye alikua akiuza maziwa Mwingi. Kikamba alikijua mpaka matusi.

Alinipikia chai ya maziwa na iliki. Tukaongea. Halafu nikauliza swali lile sisi watu wa nyumbani huuliza, "Kwenu hasa ni wapi?"

Akasema, "Ng'ambo ya Nuu. Ukishuka ukielekea Tana."

Sikuimaliza ile chai.

Wenye hamjui: huo mpaka wetu, wa Wakamba na Wasomali, una damu. Ng'ombe huchukuliwa, watu hufa, pande zote mbili. Kaka yangu Munyoki alipigwa risasi akichunga, na nyayo za ng'ombe zilielekea huko huko. Mama yangu alimzika, akakaa siku nne bila kuvua kitambaa kichwani, halafu hakulitaja hilo jina tena.

Niliweka kikombe chini. Asubuhi yake nikaenda kwa yule mama Mjerumani msimamizi wa Heim, nikamwomba chumba kingine. Alisema hakuna nafasi. Nikarudi, nikalala nikiangalia ukuta. Tuliishi hivyo siku kadhaa, watu wawili wa nchi moja, hakuna salamu.

Ni yeye alianza. Alisimama katikati ya chumba akauliza, "Ni nani wako?"

Nikajibu bila kugeuka, "Ndugu yangu."

Akarudi akaketi kitandani kwake. Halafu akasema, "Mimi siwezi kukulipia damu. Mimi pia mtaa wetu ulichomwa na watu wa serikali, wakisema wanatafuta bunduki. Sina hata kitambulisho, kiliungua. Lakini kesho ni siku ya ofisi ya ustawi wa jamii, na wewe hujui njia. Nitakupeleka."

Na akanipeleka.

Huyo ndiye mwalimu wangu, wakuu. Yote nayajua ya kuanza maisha mji wa ugenini nilipewa na huyo mama.

Alinionyesha tram gani inaenda ofisi gani, na kwamba unagonga tiketi kwa mashine kabla hujakaa, si baadaye. Alinionyesha basement ya kanisa penye wanagawa koti na buti, na akaniambia niende kabla baridi haijafika, maana ikishafika zinabaki za watoto tu. Alinionyesha duka la Waturuki penye kuna unga wa mahindi. Si kama wetu, ni wa manjano na unakwaruza, lakini ukisonga na nia, ni ugali.

Aliniambia nisitoke nje ya wilaya bila ruhusa ya maandishi, hata kama ni kwenda kwa sherehe ya Wakenya. Wengi wameharibikiwa hapo.

Alinilazimisha kwenda darasa la Kijerumani la bure, la mabibi wazee wa kujitolea. Mimi nilikuwa naona aibu kutamka. Aliniambia, "Aibu utaila? Nenda ujifunze kuuliza, kujibu kutakuja."

Lakini kubwa zaidi ilikuwa interview. Ile siku ya kueleza kwa nini ulitoroka ndiyo maisha yako yote. Habiba alikuwa ameshafanya yake na alikuwa anangoja jibu. Alinifanyisha mazoezi tukifua nguo. Nikaanza, "Serikali yetu inanyanyasa watu…"

Akanikata. "Hiyo ni ya redio. Sema yako. Walikuja wangapi? Walikushika wapi? Mlango ulifunguka namna gani?"

"Habiba, hayo siwezi kusema."

"Utasema kwangu kwanza. Ukilia, lia hapa kwa beseni."

Nikasema. Nikalia. Akaendelea kufua, mgongo amenipa, ili nisione haya. Mpaka nikaweza kuisema yote kutoka mwanzo mpaka mwisho kwa mpangilio.

Pia alinionya kuhusu mkalimani. Waliniletea mtu wa pwani, Kiswahili safi sana, na mimi Kiswahili changu ni hiki cha kwetu mnachosoma. Nilipoona hatuelewani vizuri, nilisema wazi, mara ya kwanza, mara ya pili, na nikakataa kutia sahihi mpaka nisomewe tena. Ningekuwa sijaonywa, ningetikisa kichwa tu kwa heshima. Kijana, usitikise kichwa. Heshima yako haitakuokoa.

Sasa nifike pale pagumu.

Habiba alikuwa hali chakula. Tukisonga ugali alikuwa anamega kidogo, anasukuma sahani. Nilidhani ni mawazo, maana sisi wote tulikuwa na mawazo. Nilikuwa na binti yangu Mumbua aliyebaki kwa mama yangu Nuu, na kuna siku hata mimi sikumeza kitu. Lakini yeye alianza kukonda mpaka buibui ikawa inamning'inia. Usiku nilimsikia akijikunja kwa maumivu.

Nikamwambia, "Twende kwa daktari." Akakataa. Nikamwambia tena. Akakataa kwa ukali.

Mwisho aliniambia ukweli. Aliogopa. Alifikiri daktari na watu wa uhamiaji ni kitu kimoja, kwamba wakijua ana ugonjwa watamwandika ni mzigo, wamrudishe. Mtu aliyenifundisha kila ofisi ya huo mji, hakuna mtu alikuwa amemwambia hilo dogo: daktari hakupeleki popote. Siri yako inabaki kwake.

Nilimwuliza yule bibi wa darasa la Kijerumani, akaja mpaka Heim kumhakikishia. Ndipo alikubali. Alienda akiwa amenishikilia mkono, huyo mama aliyekuwa anatembea mbele yangu siku zote.

Ilikuwa saratani ya tumbo. Na ilikuwa imeenda mbali.

Walimpa kitanda kizuri cha hospitali, wauguzi wapole. Nilikuwa namtembelea kila siku baada ya darasa. Alikuwa ananiuliza maneno mapya niliyojifunza, nikikosea anacheka na macho. Siku moja alisema, kwa Kikamba ili muuguzi asielewe, "Mama yangu bado anakuja sokoni Mwingi na mbuzi. Asiambiwe na simu. Aambiwe na mtu."

Nikamwahidi. Mnajua ahadi ya kando ya kitanda huwezi kuipima.

Alifariki kabla jibu la kesi yake halijatoka.

Kuzikwa kwake kulisimamiwa na msikiti wa Waturuki. Hawakumjua, lakini walikuja. Mimi si Muislamu kwa hivyo sikumuosha, nilikaa nje ya mlango nikisikia maji yakimwagika. Mama mmoja wa Kituruki akatoka akaniuliza kwa Kijerumani kibovu kama changu, "Mama yake anaitwa nani?" Nikamwambia. Akarudi ndani; wao humwombea marehemu kwa jina la mama yake. Kwa jiji lote mimi pekee nilikuwa najua jina la mama yake.

Sasa nani angeenda Mwingi?

Simu wakati huo ilikuwa kwa duka la binamu yangu hapo Mwingi. Unapiga, unasema mama aitwe, unapiga tena siku nyingine. Mama yangu akaja kwa simu. Nilimweleza Habiba ni nani, alinitendea nini, kwao ni wapi.

Nilikuwa nasikia tu kadi yangu ya simu ikiliwa.

"Mwaitu, mama, uko?"

"Niko."

"Ni mama kama wewe. Huja sokoni na mbuzi."

Akasema, "Unanituma kwa hao watu. Mimi. Mama ya Munyoki." Lile jina sikuwa nimelisikia mdomoni mwake tangu tumzike.

Nikasema tu, "Alimponya mtoto wako huku." Simu ikakatika.

Sikujua kama ataenda. Sikuthubutu kupiga wiki nzima.

Nilipopiga, alikuwa ameshafika hapo dukani ananingojea. Alinieleza hivi, na nawaandikia vile alisema.

Alienda sehemu ya mbuzi. Akauliza mama ya Habiba ni yupi. Vijana wa Kisomali wakamwangalia vibaya, bibi Mkamba anatafuta nini. Mwishowe mmoja akamwelekeza. Alimkuta mwanamke mzee amekaa chini kando ya mbuzi wake. Mama yangu naye akakaa chini, hapo kwa vumbi. Yule mama akamwangalia usoni kwa muda, halafu akamwuliza kwa Kikamba, "Ni Habiba?"

Mama akasema, "Ni Habiba."

"Tulikaa hapo," mama yangu akaniambia. "Hakupiga nduru. Aliniuliza kama mimi nimewahi kuzika mtoto. Nikamwambia ndio. Akaniuliza huyo wangu alikufa na nini. Nikamwambia ukweli."

Nikauliza, "Akasema nini?"

"Alinishika hapa kwa mkono, akakaza. Mpaka soko likaisha hakuuachilia."

Mimi nilipata karatasi zangu baadaye. Mumbua alikuja akiwa msichana mkubwa, akanisalimia kama mgeni, na hiyo ni huzuni nyingine ya siku nyingine. Leo ana watoto. Mimi kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi huenda kwa kaburi la Habiba nikang'oa magugu, kwa sababu huku kaburi lisilotunzwa huondolewa.

Kijana uliyeuliza: jiandikishe mapema. Ukiumwa, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Sema yako, si ya redio. Na mtu wa kwanza atakayekushika mkono anaweza kuwa yule nyumbani uliambiwa umchukie. Mwache akushike.

Wakuu, mimi nimemaliza. Kama una mtu wako aliyezikwa mbali, na hakuna wa nyumbani amewahi kusimama hapo, andika jina lake hapo chini. Jina tu linatosha. Nitayasoma yote kwa sauti.