Cherehani ya Mnunuzi wa Pamba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, msimu wa pamba ukiwa haujafunguliwa, wapagazi wawili walipotua mzigo barazani kwetu Kibiti. Walipoondoa gunia nikaona cherehani nyeusi, inang'aa, ina maua ya dhahabu ubavuni. Nilikuwa bibi harusi, hina bado haijafutika miguuni. Siku hizo cherehani ilikuwa kitu cha mafundi wanaume waliokaa kwenye baraza za maduka. Mwanamke kuwa nayo nyumbani kwake lilikuwa jambo la kusimuliwa mpaka Ikwiriri. Niliketi chini nikazungusha gurudumu lake kwa mkono, na sauti yake ikanipendeza kuliko ngoma ya harusi yangu.

Aliyeileta ni Bwana Zahoro, mnunuzi wa pamba. Na mume wangu, Shaweji, alikuwa mkaguzi wa pamba sokoni.

Huenda kazi hiyo huijui, kwa maana pamba yenyewe imebaki kidogo. Wakati wa Mwingereza mkulima alipeleka pamba yake sokoni ikiwa imegawanywa mafungu mawili. Nyeupe, kavu, isiyo na doa, iliitwa safi. Iliyonyeshewa au kuguswa na wadudu iliitwa fifi, na bei yake ilikuwa duni. Mnunuzi alipenda iwe fifi, mkulima alipenda iwe safi. Basi serikali iliweka mtu kando ya mizani, asiye wa huku wala wa kule. Wakibishana, yeye hutia mkono kwenye gunia, huitazama, hutamka neno moja, na mambo yakaisha. Mtu huyo alikuwa Shaweji. Alikuwa kijana, amesoma, ana kaptura yake ya kaki iliyopigwa pasi, na watu walimpenda kwa sababu hakupendelea.

Siku ile ile baba yangu alifika kutoka Mtawanya na kikapu cha mihogo. Aliitazama cherehani, akauliza nani kaileta. Nilipomjibu alikunywa uji niliompa. Kisha akamwambia Shaweji, taratibu tu, kama anayemwambia afunge mlango:

"Irudishe leo, mkwe wangu, kabla hamjaizoea."

Shaweji alimjibu kwa adabu. Alisema Bwana Zahoro hakuomba chochote, ni zawadi ya harusi kama zawadi nyingine. Jumbe kaleta mbuzi, majirani wameleta mikeka na mchele, mbona hizo hazirudishwi? Na kumrudishia mtu zawadi yake ni kumtukana.

"Hao wengine," baba akasema, "hawaji kwenye mizani kusubiri neno lako."

Aliinuka uji haujaisha. Mlangoni aliniambia mimi peke yangu, "Na wewe usijifunze kuipenda." Nilikuwa nimekwisha kuipenda, mwanangu. Jioni ile nilipindia kanga zangu zote.

Msimu ukafunguliwa. Nataka unielewe hapa, maana watu wakisikia habari hii hudhani mume wangu alikuwa mla rushwa. Shaweji hakukaa na Bwana Zahoro faraghani wakapanga la kusema. Bwana yule hakuitaja cherehani hata mara moja. Alimwamkia tu kila asubuhi, na baada ya salamu huuliza, "Mama nyumbani hajambo? Anashona?" Basi. Baadaye Shaweji mwenyewe alikiri kwamba baada ya salamu zile, kila alipotia mkono kwenye gunia, vidole vyake vilianza kutafuta uchafu. Zamani akiwa na shaka, shaka ilimfaa mkulima. Sasa shaka ilimfaa Bwana Zahoro. Hakuna aliyemwamuru. Jicho lake mwenyewe lilihama bila yeye kulihamisha, naye aliamini kabisa kwamba anatenda haki.

Mimi dalili ya jambo hilo niliiona kisimani. Wanawake waliokuwa wakipiga soga nami walianza kunyamaza nikifika. Waliokuwa wakiniletea vitambaa niwashonee nguo za watoto hawakuja tena. Nikadhani wananionea wivu.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Kule Mtawanya, jirani ya baba, aliishi mjane aitwaye Bi Siwema. Huyo alikuwa somo yangu, ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo, na siku ya harusi ndiye aliyenishika mkono kuniingiza chumbani. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Athumani, aliyekwenda Kiongoroni, huko delta, kukata mikoko. Mwaka ule habari zilikuja kwamba shoka limemteleza, limemkata mguu, na jeraha limeanza kuoza. Bi Siwema alitaka kumkodia chombo kimpeleke hospitali ya wilaya, na tegemeo lake lilikuwa pamba tu. Baba alinisimulia jinsi alivyoitandaza kwenye mkeka mlangoni pake, akaichambua tonge kwa tonge, akitoa hata jani dogo lililokauka.

Siku hiyo nilikwenda sokoni kumpelekea Shaweji chakula cha mchana. Nilisimama kando, bakuli mkononi, nikamwona somo yangu mbele ya mizani. Nyuma yake alikuwa baba yangu na magunia yake. Bwana Zahoro alizamisha mkono mpaka chini ya gunia la Bi Siwema, akatoa tonge la pamba, akalipindua juani.

"Fifi," akasema.

Bi Siwema hakubishana naye. Alimgeukia Shaweji. "Baba, tia mkono wako mwenyewe."

Shaweji alitia mkono. Aliukawiza humo. Mimi nilikuwa karibu, nikaiona pamba ile aliyoitoa, na kwa macho yangu ilikuwa nyeupe kama maziwa. Lakini nilikuwa nani mimi wa kusema? Nilimtazama mume wangu nikingoja aseme nililoliona. Akasema, kwa sauti ndogo:

"Fifi, mama."

Yule mama aliinamisha kichwa. Alipokiinua macho yetu yakakutana. Hakukuwa na hasira machoni mwake. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

Gunia lake likavutwa pembeni, ikawa zamu ya baba. Hapo Bwana Zahoro hakuinama hata kufungua kamba. Alitabasamu, akamwambia karani wake, "Huyu ni baba mkwe wa Bwana Mkaguzi. Andika safi."

Karani alikuwa amekwisha kuinua kalamu baba alipomwomba angoje. Akafungua magunia yake mwenyewe, akatandika shuka lake mchangani, akamimina pamba mbele ya watu wote. Ilikuwa na madoa ya manjano kila mahali. Kangambili, wale wadudu wekundu, walikuwa wameivamia shambani, na mvua ikamalizia.

"Hii imeharibiwa na kangambili," akasema. "Mimi nimeileta kama fifi. Iandikeni fifi."

Bwana Zahoro alicheka kidogo, akamwambia mzee ajipumzishe, neno limeshasemwa, pamba yake ni safi. Baba hakumtazama. Alimtazama mkwe wake.

"Shaweji," akasema, "ya kwangu imekuwa safi bila kutazamwa, na wewe umenyamaza. Ya yule mama umeitia mkono ukaona fifi. Niambie, mwanangu, mkono huo siku hizi ni wa nani?"

Hata waliokuwa wakipanga magunia ghalani walisimama.

Mwanangu, muda ule ndio unaoniuma mpaka leo. Gunia la Bi Siwema lilikuwa bado lipo pale, kamba yake haijafungwa. Shaweji angesema tu, "Lirudisheni nilitazame tena." Maneno machache mno. Watu wangemheshimu siku ile kuliko siku zote, na mimi nilijua kwamba anayajua. Niliona midomo yake inataka kufunguka. Akamtazama Bwana Zahoro, akatazama chini, kisha akamwambia karani, "Endeleeni."

Pamba ya baba ikaandikwa fifi, kama alivyotaka. Ya Bi Siwema ikaandikwa fifi pia. Baba alichukua alichopewa akamfuata yule mama njiani akampa chote, lakini viwili kwa pamoja havikufikia nauli ya chombo. Ilibidi waende wao wenyewe, kwa miguu hadi mtoni na kwa mtumbwi wa kuomba, wakisubiri maji yajae ndipo wapite kwenye mikono ya delta. Wakafika Kiongoroni wamechelewa. Athumani hakufa, Mungu ashukuriwe. Lakini walipomfikisha hospitali kwa mtumbwi ule, mguu ulikatwa.

Kesho yake Shaweji aliibeba cherehani kichwani mwenyewe, mchana kweupe, mpaka dukani kwa Bwana Zahoro. Bwana yule alimshangaa. "Mimi nilikupa zawadi ya harusi," akamwambia. "Kuna siku nilikudai kitu?" Na kweli, hakuwahi kudai. Shaweji aliitua ngazini akarudi.

Alidhani yamekwisha. Alirudi kwenye mizani akajitahidi kuhukumu kwa haki kuliko mtu yeyote, lakini neno lake lilikuwa limepoteza uzito. Akisema safi, wanunuzi walinung'unika kwamba anamwogopa baba mkwe wake. Akisema fifi, wakulima walitazamana. Alikuwa anasema kweli tupu, na kweli yake haikumsaidia mtu. Msimu uliofuata Bwana Shamba alimwita akamwambia, bila ukali, kwamba soko linataka mtu ambaye watu wanamsikiliza. Hakushtakiwa wala hakuadhibiwa. Alivua kaptura ile ya kaki, tukahamia Nyamwage kulima mpunga na muhogo.

Kabla ya kuhama alikwenda kumwomba baba radhi. Baba alimkaribisha, akampa maji ya kunywa, akamwambia, "Mimi hukunikosea. Uliyemkosea yuko Kiongoroni."

Tukaenda. Bi Siwema alikuwa amehamia huko kumtunza mwanawe, shamba lake la Mtawanya limerudi kuwa pori. Alitupokea vizuri mno, na hilo ndilo lililotuumiza. Alitupikia wali na samaki, akaniuliza habari za wazazi na za mimba niliyokuwa nayo. Baada ya kula Shaweji alipiga magoti akaeleza yote, hata lile la vidole kutafuta uchafu. Bi Siwema alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimekusamehe, baba," akasema. "Athumani muulize mwenyewe."

Athumani alikuwa amekaa mlangoni, nguo imekunjwa pale mguu ulipoishia, anashona wavu. Shaweji alimwita jina lake. Alimwomba. Yule kijana aliendelea kuvuta uzi, akafunga fundo, akaanza jingine. Tulikaa mpaka maji yakaanza kupwa na mwenye mtumbwi akatuita. Hakujibu siku ile, na hakujibu siku nyingine yoyote. Shaweji alikwenda Kiongoroni mara nyingi katika maisha yake, akipeleka mpunga. Mpunga ulipokelewa. Jibu hakupewa mpaka anaingia kaburini.

Sasa wewe umepata kazi, mwanangu. Una meza yako na mhuri wako, na watu watapanga mstari kusubiri neno lako. Sikiliza ninalokuambia.

Zawadi si mbaya, na wala sikufundishi kuwakataa watu. Lakini kabla hujapokea, mtazame anayekupa, ujiulize kama kesho atakuja mbele ya meza yako. Kama atakuja, usipokee. Usijidanganye kwamba hajaomba kitu. Anayeomba utamwona ukamkatalia. Asiyeomba ndiye atakayekuingia moyoni, ukawa unamtumikia huku unadhani unatenda haki. Mkatalie kwa upole, siku hiyo hiyo, na umwambie mkubwa wako wa kazi kwamba umeletewa na umerudisha, ili jambo lisikae kati yenu wawili. Wa nyumbani kwako nao uwaambie, maana zawadi nyingi hupitia kwa mke, kwa mume, au kwa watoto. Mimi nayajua hayo.

Akija ndugu yako au mkweo, inuka. Mwachie mwenzako aamue. Hata ukimhukumu ndugu yako kwa haki, wanaotazama hawataweza kujua, nawe utakuwa umewanyima kitu wanachostahili. Na atakapotokea mtu wa kumpendelea mzazi wako ili akufurahishe wewe, ujue hapo umeshanunuliwa, hata kama hukupewa kitu mkononi.

Mwisho, na hili ndilo kubwa. Utakosea, kwa kuwa wewe ni binadamu. Siku utakayokosea, rudi nyuma papo hapo, mbele ya wale wale waliokuona. Usingoje kesho ili aibu ipungue. Aibu ya mchana mmoja hupita, lakini mtu aliyeondoka mbele yako akiwa amedhulumiwa huenda usiweze kumfikia tena.

Mungu akupe mkono wako mwenyewe na jicho lako mwenyewe. Akulishe cha halali kikutoshe, akuepushe na cha mtu anayengoja neno lako. Wanaokuja kwako wakiwa na dhiki waondoke wakikuombea, na watoto wako wapite popote ulipofanya kazi wakiwa wameinua vichwa vyao. Amina, mwanangu.