Geji, Shuka na Mama Mkwe

Geji niliifunga kwa sababu ya woga. Gari lilikuwa la marehemu baba, gari dogo la saluni lililonizidi umri, na kila injini ilipokohoa nilihisi kama namzika mzee mara ya pili. Basi nikanunua hicho kijisaa kinachopima jinsi injini inavyovuta hewa, nikakibana chini ya dashibodi na kukiunganisha na injini kwa mpira mwembamba. Mshale ukitulia kwenye kijani, injini ni nzima. Wangu haukufika kwenye kijani hata siku moja. Kijitabu chake kilitaja magonjwa mengi, nami, kwa elimu yangu ya chuo kikuu, nikayaona yote kwenye gari langu. Baadaye sana nilisoma kwamba vipimo vile ni vya watu wa pwani; huku Kitale hewa ni nyepesi, na mshale wa kila gari hukaa chini.

"Umepata wa kumpima presha," mke wangu alisema.

Mgonjwa wa kweli alikuja msimu wa mvua. Mama mkwe, aliyekuwa akikaa kwa mwanawe karibu na Kitale, alifura tumbo ghafla. Daktari alisema apasuliwe siku hiyo hiyo, na mpasuaji alikuwa Bungoma. Ambulensi ilikuwa imekwenda upande wa Suam. Gari lililobaki ni langu.

Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, hawatazamani, hawasemezani wala hawaketi pamoja. Shangazi ya mke wangu ndiye aliyepata njia: shuka itundikwe nyuma ya kiti changu, mke wangu akae nyuma na mamake, nami kioo cha ndani nikigeuze kitazame juu. Nikaendesha gari hivyo, kama mtu anayesafirisha msikiti wenye upande wa wanawake, ingawa sote ni Wakristo.

Niliogopa jambo moja tu. Gari likizima njiani, mimi ndiye ningelazimika kumnyanyua kwa mikono yangu, naye, nilivyomjua, angeona heri afe.

Tulipofika Kamukuywa ilikuwa siku ya soko. Ng'ombe walijaa barabarani, nikasimama. Mshale ukaanguka hadi sufuri. Injini ikatetemeka, ikazima. Nikaiwasha, ikatetemeka tena.

"Mama anauliza mbona tumesimama," mke wangu alisema.

"Mwambie ni ng'ombe."

"Anasema ng'ombe hawatetemeshi gari."

Nyuma ya shuka mgonjwa aliguna, kisha nikamsikia mwenyewe. "Mwambie huyo mtu kuna kitu inapuliza huko mbele kama nyoka. Ama yeye hana masikio?"

"Mama anasema..."

"Nimesikia."

"Hukupaswa kusikia."

Niliinama chini ya dashibodi. Mpira ulikuwa umechomoka kwenye geji, na injini ilikuwa ikinyonya hewa ovyo kupitia kwake. Kile nilichokifunga ili kiilinde ndicho kilichokuwa kikiizima. Nikaukunja mpira ule, nikaufunga kwa kamba ya kiatu changu. Injini ikatulia. Ng'ombe wakapita.

Nilidhani woga ungebaki Kamukuywa. Lakini geji sasa ilikuwa imekufa, na sikuwa na kingine cha kutazama, nikaanza kusikiliza pumzi nyuma ya shuka. Hadi Misikhu alikuwa akiguna. Tukielekea Webuye, akanyamaza.

"Mamako yukoje?"

Nilimsikia mke wangu akivuta kamasi, akijaribu kulia bila sauti. Kioo kilikuwa kinatazama paa. Ningekigeuza, lakini niliogopa ningeona nini, na sina hakika kama nilichoogopa ni mwiko.

"Mama," nikasema. Sikuwa nimewahi kumwita moja kwa moja tangu nioe. "Mama, upo?"

Lori likatupita, likatumwagia matope kwenye kioo cha mbele. Nikawasha waipa.

"Angalia barabara," sauti ikasema, nyembamba sana.

Sikuuliza tena hadi Bungoma. Langoni mwa hospitali wahudumu walikuja na kitanda cha magurudumu, nami nikashuka na kugeukia ukuta, kama inavyotakiwa. Nilisimama hivyo, kiatu kimoja hakina kamba, nikisikiliza magurudumu yakipita mgongoni mwangu, na mama mkwe akiwaambia wahudumu wasimkimbize, yeye si gunia la mahindi.