Ukuta wa Fito

Gelasius alikuwa fundi seremala, mzaliwa wa Muheza, na mwaka 2009 alikuwa ametimiza miaka sita Toronto. Aliishi Crescent Town na mkewe, akifanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kukarabati nyumba kongwe. Msimamizi wake, Shahnaz, alikuwa msanifu majengo mzaliwa wa Dar es Salaam.

Kiangazi hicho walipata nyumba ya ajabu. Tajiri mmoja wa zamani aliinunua Uingereza, akaifumua kipande kipande, akaisafirisha kwa meli na kuisimamisha upya Toronto. Mbao zake za mwaloni zilikuwa nyeusi kwa umri, wala hazikuwa na msumari hata mmoja. Ulimi wa kila boriti uliingia kwenye tundu la nguzo, ukakazwa kwa kigingi cha mti. Gelasius aliipenda kazi ile kuliko zote alizowahi kufanya.

Siku ya tatu wakabandua lipu iliyopasuka. Kati ya nguzo na nguzo walikuta fito zilizosukwa, zimekandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Mafundi wote wakasogea kutazama.

Shahnaz akamgeukia, akauliza kwa Kiingereza ili wote wasikie, "Gelasius, hizi si kama nyumba za kwenu? Umewahi kukandika?"

"Hapana," alijibu haraka. "Kwetu tulikuwa na nyumba ya matofali."

Ulikuwa uongo mtupu. Kila baada ya masika mama yake alikandika upya kuta zao, yeye akimkanyagia udongo.

Ikabidi Shahnaz ajifunze vitabuni na kukandika mwenyewe. Gelasius aliona tangu mwanzo kwamba majani hayatoshi na udongo haukulazwa siku kadhaa ukiwa umeloweshwa, akanyamaza. Wiki mbili baadaye ukuta ukapasuka, ukamwagika sakafuni. Shahnaz akapiga magoti kukusanya mabonge.

"Sijui nimekosea wapi," alisema kwa Kiswahili.

Gelasius akashindwa kuvumilia. "Dada, udongo haukulala. Na majani ni machache."

"Umejuaje?"

"Nyumba yetu ilikuwa hivi hivi. Mama ndiye aliyenifundisha. Nilikudanganya."

Shahnaz aliliacha bonge alilokuwa ameshika. "Wiki mbili unaniangalia nikihangaika."

"Ndiyo."

"Haya. Kesho utuonyeshe."

Akawaonyesha, na ukuta ukashika. Wenzake walimsifu, na kila sifa ilimchoma. Mama yake alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, kwa hiyo Jumapili alimpigia dada yake Muheza, akamweleza yote.

Dada yake akasema, "Mama alijua, Gelasius. Ulipomleta mkeo mkalala hoteli Tanga mjini, alijua unaionea aibu nyumba yake. Alisema tusikuulize."

Gelasius akauliza kama nyumba bado imesimama.

"Upande wa jikoni umeanguka," dada yake akajibu. "Hakuna wa kukandika."