Marahaba za Bibi wa Suji

Juzi kwenye kibanda cha fundi simu, hapa Same mjini, mbele yangu alisimama bibi aliyeshuka kutoka Suji, kule milimani. Simu yake ilikuwa imejaa.

"Bibi, tufute hizi jumbe za sauti za mjukuu wako," fundi akamwambia. "Kila siku anasema yaleyale." Akabonyeza moja tusikie: "Shikamoo bibi, umeamkaje?"

"Marahaba mjukuu wangu, nimeamka salama," bibi akaijibu simu, kichwa amekiinamisha kidogo. Fundi akabonyeza nyingine. Bibi akaitikia tena, kwa upole uleule.

Fundi akamkazia macho. "Bibi, siku zote unamjibu hivi? Hubonyezi hapa kwenye maiki?"

"Kwani hanisikii?"

Fundi akamshika kidole taratibu, akakiweka kwenye alama ya maiki. Bibi akavuta pumzi. "Marahaba," akaanza. "Marahaba. Marahaba. Marahaba..."

Alikuwa anaziitikia shikamoo zote, tangu ya kwanza, na mimi ninayefokaga foleni ikikwama nikasubiri kimya.

Sisi wengine shikamoo moja isipoitikiwa tunanuna hadi msibani. Huyo kijana kaamkia kila asubuhi bila kujibiwa, na kesho yake kaamkia tena.