Bibi Stamili na Mashimo ya Taka

Stamili binti Fakihi Chilumba, mjukuu wa Nantende aliyevuka Ruvuma na mtoto mgongoni akikimbia kulimishwa pamba na Wareno. Binti wa Fakihi aliyeuza kadi za TANU kijiji kwa kijiji kabla ya Uhuru. Yeye mwenyewe mwanamke wa kwanza kukaa kwenye halmashauri ya kijiji chetu, upande wa Newala. Huyo ndiye ninayemwandika. Waliomwita mkorofi nawajua, na maji yake waliyanywa.

Tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa, likaja agizo kutoka juu: kila kaya ichimbe shimo la taka, refu kuliko mtu, na kila cha kutupwa kiingie humo. Tulichimba. Nani angekataa? Vita vya ng'ambo ya Ruvuma vilishatuzoesha kuchimba mahandaki.

Lakini sisi wa uwanda wa juu maji tunayafuata bondeni, tunapanda mteremko na ndoo kichwani mpaka shingo inazama mabegani. Halafu tunapewa shimo! Mvua zilipokaribia, wanawake tukayakandika yale mashimo kwa udongo wa kichuguu, kama bibi zetu walivyofanya. Maji ya mvua yakasimama humo. Taka tukazirudisha nyuma ya nyumba, kwenye jalala tunapopanda maboga.

Tukateka, tukanywa. Mtoto wa jirani yetu Anjelina akaharisha mpaka akalazwa hospitali ya Ndanda. Alipona, lakini Bwana Afya, kijana Rogath kutoka Moshi, akaja mkutanoni na amri: mashimo yote yajazwe taka kabla ya Ijumaa.

“Shikamoo, Mama Mussa,” akamwamkia Stamili.

“Marahaba, baba. Umekuja kutunyang'anya maji?”

“Mama, lile ni shimo la taka. Nimeona mikebe inaelea humo, na viluwiluwi.”

“Hapo umesema kweli,” Stamili akajibu. “Tulikandika, tukasahau kufunika. Kosa letu.”

“Basi jazeni. Agizo ni la nchi nzima.”

“Nchi nzima inateka maji bondeni?”

Watu wakacheka. Mzee Silvesta, mwenyekiti, akamkonyeza anyamaze. Stamili ndiyo kwanza akasimama.

“Andika, baba. Halmashauri haikatai usafi. Taka za kuoza ziende jalalani, tupande maboga. Mikebe itobolewe, ifukiwe mbali. Shimo libaki la maji, lifunikwe, na maji yachemshwe. Mtoto akiugua tena, la kwangu nitalifukia mwenyewe, kwa mikono hii.”

“Nikiulizwa Newala, nijibu nini?”

“Waambie kuna bibi kalalia mfuniko wa shimo lake, hatoki.”

Tulidhani utani. Ijumaa mgambo walipofika na majembe, walimkuta juu ya mfuniko wa mianzi, miguu kainyoosha, anapukuchua kunde.

“Bibi, tupishe.”

“Nipisheni ninyi, mnanizibia jua.”

Nani amguse mama wa makamo yale? Walisimama mpaka Rogath akatokea na baiskeli, jasho linamtiririka. Alikuwa amelipeleka lile pendekezo letu Newala, yeye mwenyewe. Jibu lilikuwa: jaribuni hadi mvua zijazo, kisha itaangaliwa.

Stamili hakupiga kigelegele. Alimwita Anjelina.

“Mtoto wako ndiye aliyeumwa, kwa hiyo wewe hutamwonea mtu haya. Kila asubuhi pita nyumba kwa nyumba. Ukikuta shimo wazi, au mkebe ndani, lifukie, mwenyewe apende asipende. Haya, nyanyua huu mfuniko. Anza na langu.”