Matawi Makavu Ukutani kwa Tabea

Tabea Mwalongo alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 1972, na jioni hiyohiyo akaingizwa katika nyumba ya matofali ya baba mkwe wake, Elius, nje kidogo ya Kifanya. Hajahama tangu siku hiyo. Mumewe, Danieli, amekwisha kufariki, watoto wako mbali, na nyumba imebaki mikononi mwake.

Mzee Elius aliijenga kwa miaka mitatu. Matofali aliyachoma bondeni. Mbao za dari zilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini shimoni. Ni mbao hizo zinazomtia Tabea hofu leo. Kila mwaka, kabla ya mvua, huzipaka oili chafu ya magari ili mchwa wasizisogelee. Mchwa hawajazigusa. Lakini dari iliyonyweshwa oili kwa miaka hamsini haihitaji moto mkubwa. Cheche moja ikipenya chini ya bati inatosha.

Na cha kuwaka kiko karibu. Sadock, mdogo wa marehemu Danieli, anayeuza mbao Makambako, amepanda misindano, ile miti ya mbao yenye majani membamba kama sindano, hadi hatua nne kutoka ukutani. Tabea alimwomba aache safu tatu wazi. Sadock alicheka, akasema shemeji anataka kulima upepo, na kwamba nyumba ikichoka atamjengea chumba na sebule mjini.

Septemba, saa nane mchana, moshi ulipanda kwenye kilima cha pili. Mtu alikuwa akisafisha shamba, moto ukamshinda. Tabea alisimama uani akinusa hewa. Alimpigia Sadock mara nne, hakupatikana. Akaenda kwa Aloyce, jirani mwenye chensoo, msumeno wa injini.

Aloyce alikataa. Kukata mti wa mtu huku, alisema, ni sawa na kumwingilia zizini, na yeye ana watoto wa kulea.

“Ukiulizwa, sema nimekutuma mimi,” Tabea alimwambia. “Ukiendelea kunihubiria, utakuja kunisaidia kuzoa majivu.”

Hadi jua linazama, misindano ishirini na sita ilikuwa chini. Shambani ilikuwa imebanana, hivyo Aloyce aliilaza penye uwazi, sambamba na ukuta. Kila mti ulipoanguka vioo vya madirisha vilitetemeka, na Tabea alifumba macho. Kisha upepo ukageuka. Wanakijiji wakauzima moto ng'ambo ya kijito. Haukufika.

Kesho yake Sadock alikuja na mtendaji wa kijiji, Fidelis. Hakupaza sauti. Alizunguka kwenye visiki, mikono nyuma.

“Shemeji, ulitaka kuikinga nyumba na moto,” alisema. “Sasa umeipangia kuni.”

“Basi ziondoe, shemeji.”

“Ushahidi hauguswi.”

Fidelis alimuunga mkono. Hata tawi moja lisisogezwe, alisema, mpaka baraza la kata lisikilize shauri.

Hii ni wiki ya tatu. Majani ya misindano yamegeuka rangi ya kutu na yanavunjika yakiguswa. Yamelala karibu zaidi na nyumba kuliko miti ilivyokuwa imesimama. Jua likipanda yanatoa harufu ya utomvu, na harufu hiyo inaingia mpaka chumbani. Tabea hawashi tena moto jikoni. Anakula kwa Aloyce. Akipita mtu mwenye sigara, Tabea humfuata kwa macho mpaka apotee kwenye kona. Ukungu wa alfajiri ndio unaompa ahueni, nao hauchelewi kuondoka.

Hajitetei. Anasema siku ile aliwaza kukata tu. Miti italala wapi, hakuwaza. Barua yake kwa baraza ina mistari mitano: kosa anakiri, adhabu ataipokea, ila matawi yatolewe kwanza, mengine yafuate.

Baraza linakaa Alhamisi, tarehe 9 Oktoba, saa tatu asubuhi. Tabea atafunga mlango na kwenda. Aloyce atabaki uani na ndoo sita za maji mpaka arudi.