Audio za Mama na ile bariyeri

Leo kwa bariyeri hawakugusa hata simu yangu.
Njo maana nalia.

Wote tunajua desturi ya hii barabara. Mbele ya kufika pale, unafuta simu: picha, meseji, audio, vyote. Walinzi wa kile kizuizi wakikuta kitu hawaelewi, utaeleza mpaka jua lizame.

Nilikuwa kwa moto, pikipiki ya kukodi, natoka Itebero naenda Mubi. Mbele ya kona ya mwisho, Papa mwenye kuniendesha akasimama.
"Dada, simu iko safi?"

Haikuwa safi. Ilikuwa na audio kumi na moja za Mama yangu. Tulimuzika mwezi uliopita.

Hakuna siri ndani! Mu moja anasema maharagi imekauka, nikuje kuchukua. Mu ingine amesahau kuachilia kibonyezo, anafukuza kuku tu, dakika nzima.
Lakini Mama alikuwa anasema Kihunde. Nikaogopa: hawa watu wakisikia luga hawaijui, watasema napelekea adui zao habari.

Nikafuta. Moja moja. Ile ya kuku njo ilikuwa ya mwisho.

Tukafika. Mulinzi alikuwa anakula muhindi ya kuchoma. Hata hakusimama. Akashusha kamba.
"Pita, Mama."
Basi, ni hivyo tu.

Munaniambia simu ni yangu kwa sababu niliinunua. Yangu namna gani, kama naifuta mbele hata ya kuulizwa?

Sasa iko safi kabisa.
Mwenye Mama yake alimutumia audio, hata ya kumugombeza, anitumie. Nataka tu kusikia.